SWMM na mitaro ya nyasi: programu ya bure, kazi nzuri, ila jibu la maji yanayozama linategemea umeuchora vipi mtaro wako

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja niliyoibania nitaieleza huko chini kwa kirefu maana ndiyo inayowachanganya watu, tena inawachanganya kimya kimya, modeli inakimbia freshi, hakuna kosa hata moja linalotokea, na majibu yamepinda.

Naongelea SWMM, ile programu ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, ya kumodeli maji ya mvua. Siongelei programu nzima, mabomba na pampu wameshayasema wengine sana. Mimi naongelea kitu kimoja tu, mitaro ya nyasi, na yale maji yanayonywewa na udongo yakiwa bado njiani kabla hayajafika mwisho wa mtaro. Hicho ndicho nakitumia zaidi na hapo ndipo nina la kusema.

Kwa ambaye hajaigusa, ni ya bure kabisa, haina leseni wala cha trial ya mwezi mmoja. Ilianza 1971, wakaiandika upya yote ikatoka kama SWMM 5 mwaka 2004, code iko wazi mtu yeyote anaisoma. Faili la modeli ni maandishi ya kawaida tu, unalifungua na Notepad, unabadilisha namba, unasevu, unakimbiza tena. Wanaopenda Python wana pyswmm, unaweza kukimbiza modeli ileile mara mia kwa udongo tofauti ukiwa unakunywa chai. Sura yake ni ya kizamani, vidirisha vidogo vidogo juu ya vidirisha vingine, Windows tu, na ukifuta kitu ujue umefuta kweli, hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo sevu nakala kila unapotaka kujaribu jambo. Basi, hayo ya sura nimeyamaliza.

Sasa mtaro wenyewe. SWMM haikupi njia moja ya kuhesabu maji yanayozama kwenye mtaro wa nyasi, inakupa kama nne hivi, na hizo nne hazitoi jibu moja. Hakuna mahali popote ndani ya programu inakuuliza "bosi, hii unaichora hivi kwa sababu gani?" Unachora, inakubali.

Njia ya kwanza, ambayo karibu kila mtu anaanzia, ni kuuchora mtaro kama konduiti, yaani njia ya kupitisha maji, ya wazi yenye umbo la trapeza, halafu kwenye sifa zake unajaza pale palipoandikwa Seepage Loss Rate, milimita kwa saa. Namba moja tu. Programu inachukua hiyo namba, inazidisha kwa upana wa maji na urefu wa mtaro, inatoa kwenye mtiririko, biashara imeisha. Ni rahisi, ni nyepesi, na haisumbui hesabu. Tatizo lake ni kwamba hiyo namba haibadiliki. Udongo mkavu mwanzo wa mvua unakunywa kwa pupa halafu unapunguza kadiri unavyoshiba, hilo Green na Ampt walishaliandikia fomula tangu 1911 na Horton naye akaja na ya kwake baadaye, na SWMM yenyewe inazo zote mbili, ila inazitumia kwenye vieneo vinavyokusanya mvua, kwenye konduiti haziko. Yaani programu inajua kabisa udongo unashiba, ila ukifika kwenye mtaro inajifanya haijui.

Je hilo lina uzito? Hapa ndipo watu wanabishana bila kupiga hesabu, tupige basi. Chukua mtaro wa mita 100, kitako mita 1, kuta zimelala 3 kwa 1 (mita 3 kwenda pembeni kwa kila mita 1 ya kupanda), mteremko asilimia 1, udongo ni tifutifu wa kichanga ambao majedwali ya mwongozo yanaupa upitishaji wa mm 10.9 kwa saa ukishashiba.

Mvua kubwa kwanza. Maji yamefika kina cha sm 20, nyasi zimelala chini ya maji, n ya Manning, ile namba ya ukwaruzo unaochelewesha maji, weka 0.05. Hapo mtaro unapitisha kama lita 174 kwa sekunde. Upana wa maji juu ni mita 2.2, kwa hiyo ardhi iliyoloa ni mita za mraba 220, na kinachozama ni lita 0.67 kwa sekunde. Haifiki hata nusu ya asilimia moja! Maji yanapita mtaro mzima kwa dakika 3 tu, udongo utakunywa saa ngapi. Kwa hiyo kama kazi yako ni kujua kalvati ya mbele inatosha au haitoshi kwenye mvua ya miaka 50 (ile kubwa ya wastani wa mara moja kwa miaka 50), acha kugombana na mtu kuhusu kuzama kwa maji mtaroni, weka sifuri uendelee na maisha, tena ukiweka sifuri uko upande salama.

Sasa mvua ndogo, zile za kila wiki. Mtaro uleule, kina sm 3, nyasi zimesimama juu ya maji na zinayachelewesha, n inapanda mpaka 0.3 hivi. Mtiririko ni lita 1 kwa sekunde. Ardhi iliyoloa ni mita za mraba 118, inakunywa lita 0.36 kwa sekunde. Theluthi nzima imepotea njiani, na maji yanatumia karibu saa nzima kuutembea huo mtaro. Ungekuwa kichanga kitupu, mm 120 kwa saa, uwezo wake wa kunywa unazidi lita 3 kwa sekunde, maana yake hakuna tone linalofika mwisho. Ungekuwa mfinyanzi, mm 0.25, haifiki asilimia moja, mtaro huo ni bomba tu lenye nyasi.

Ukiangalia hizo hesabu mbili utaona kwa nini wabishi wote wawili wana haki, anayesema mtaro wa nyasi hausaidii kitu anaongelea gharika, anayesema unameza nusu ya maji ya mwaka anaongelea mvua ndogo ndogo ambazo kwa idadi ndizo nyingi. Modeli yako inatakiwa ijue inajibu swali la nani.

Na umeona hiyo n? Konduiti ya SWMM ina n moja, haipandi wala haishuki na kina. Ukiweka 0.05 ukakimbiza mvua za mwaka mzima, maji yatakimbia kwenye mvua ndogo kuliko uhalisia, muda wa kuzama unapungua, halafu unalaumu namba ya udongo. Mimi nafanya faili mbili, moja ya mvua kubwa yenye n ndogo na moja ya mwaka mzima yenye n kubwa, zinaitwa majina tofauti, hazichanganywi. Ni ushamba kidogo, lakini inafanya kazi.

Njia ya pili ni LID, yaani vitu vya kuyashika na kuyazamisha maji ya mvua palepale yanapoangukia, kule kwenye orodha ya vidhibiti ambako kuna bustani za mvua, mapaa ya kijani, na ndani yake kuna mtaro wa nyasi wenye jina lake kabisa. Hapa ndipo nilipobania nyota. Mtu akiona jina anasema hii ndiyo yenyewe, si wameandika mtaro wa nyasi? Unaifungua, unakuta ina tabaka moja tu, la juu. Unajaza kina cha ukingo, sehemu ya ujazo inayokaliwa na majani, ukwaruzo, mteremko, mlalo wa kuta. Udongo uko wapi? Haupo. Hakuna pa kujaza upitishaji wa udongo wa mtaro. Inachofanya ni kuazima kasi ya kuzama kutoka kwa kieneo mama, kile kieneo ulichouweka ndani yake. Sasa kama kieneo chako ni mfinyanzi uliokanyagwa na mtaro umechimbwa ukajazwa udongo mzuri, modeli itakuambia mtaro wako ni mfinyanzi uliokanyagwa. Haikuonyi. Na kinyume chake pia, mtaa una udongo laini lakini mtaro umepitiwa na greda mpaka ukawa mgumu kama barabara, modeli inaupa sifa ambazo hauna.

Kuna namna ya kuzunguka. Unachora kieneo cha peke yake chenye ukubwa wa mtaro tu, unakipa namba za udongo wa mtaro, unaijaza hiyo LID kieneo kizima, halafu vieneo vingine unavielekeza vimwage maji humo. Hapo inakubali, na faida yake ni kwamba Green-Ampt au Horton inafanya kazi kweli, udongo unaanza na kiu unamaliza umeshiba. Lakini niambie, mtu mpya atajuaje? Na kama mtaro wako una tabaka la udongo uliochanganywa, changarawe chini yake na bomba la kutolea maji, basi usiiguse kabisa hii ya mtaro wa nyasi, chukua ile ya bustani ya kunyonya maji (Bio-Retention Cell, si ile ya bustani ya mvua), hiyo ina tabaka la udongo kamili, la changarawe na bomba lake. Jina halifanani na ulichojenga lakini hesabu inafanana, na hesabu ndiyo tunayoitaka.

Njia ya tatu haina jina ila ndiyo naipenda kwa kazi za mwaka mzima. Unasahau konduiti, unasahau LID, unachora mtaro kama kieneo cha kawaida kisicho na lami hata kidogo, asilimia sifuri, halafu majirani wanamwaga humo. SWMM inachukua maji yanayoingia inayatandaza juu ya kieneo chote pamoja na mvua yenyewe, inayapitisha kwenye Green-Ampt, kinachobaki kinatoka. Safi sana. Angalia kitu kimoja tu, inayatandaza kote, sawasawa, mpaka kwenye kuta za juu ambako maji ya mvua ndogo hayafiki. Ukikipa kieneo hicho eneo lote la mtaro, mita 4 kutoka ukingo hadi ukingo, wakati maji ya kawaida yanaloanisha mita 1 na kidogo, umeuongezea mtaro mdomo mara tatu zaidi. Mimi nakipa upana wa kitako na ziada kidogo, kuta nazirudisha kwa jirani kama nyasi za kawaida. Na umbo la mtaro kwa kupima kina cha maji unalikosa hapa, kwa hiyo kama unataka kujua maji yatafurika ukingo au la, rudi kwenye konduiti.

Ya nne ni kwa mitaro yenye vizuizi, vile vibwawa vidogo vya mawe vinavyokatisha mtaro kila baada ya mita kadhaa. Kila kidimbwi unakifanya nodi ya kuhifadhi maji, unakipa jedwali la kina na eneo, kizuizi unakiweka kama kingo ya kumwagia (weir), maji yakijaa yanapita juu yake. Nodi za kuhifadhi, tofauti na konduiti, zimepewa Green-Ampt yake kamili, mfyonzo, upitishaji na kiu ya mwanzo, na inahesabu chini na kuta za pembeni. Ukijaza upitishaji peke yake ukaacha hizo mbili sifuri, inarudi kuwa kasi isiyobadilika kama ya konduiti. Kwa kweli hapa ndipo SWMM inang'aa kuliko kote kwenye mambo ya mitaro. Kazi yake ni nyingi, nodi zinajaa kwenye ramani mpaka inaonekana upele, ila ukiona grafu ya kidimbwi kinavyoshuka taratibu baada ya mvua kuisha unajua kabisa hii ni kitu cha kweli, unaweza hata kwenda site na rula ukalinganisha.

Mambo mengine ya kuangalia, haya hayaandikwi kwa herufi kubwa popote.

Kuhesabu udongo mmoja mara mbili. Mtaro umechorwa kama konduiti inayovujisha, sawa, lakini ile ardhi ya mtaro bado imo kwenye eneo la kieneo na inakunywa mvua huko pia. Udongo uleule unakunywa kwa vinywa viwili. Toa eneo la mtaro kwenye kieneo, au angalau ujue ni kiasi gani. Kwenye kiwanja kikubwa haionekani, kwenye barabara nyembamba yenye mtaro pembeni inaonekana sana maana mtaro wenyewe unaweza kuwa robo ya eneo lote.

Vipimo. Ukibadilisha kipimo cha mtiririko kutoka futi kwenda lita, SWMM inabadilisha jina la kipimo, haibadilishi namba ulizokwisha kuingiza. Ulikuwa umejaza 0.43 ikimaanisha inchi kwa saa, sasa inasomwa mm 0.43 kwa saa, umehama kutoka tifutifu wa kichanga kwenda karibu na mfinyanzi kwa kubonyeza mara moja. Chagua kipimo kabla hujachora hata mstari mmoja.

Maji yaliyozama kwenye konduiti yanaenda wapi? Hayaendi popote. Yameondoka kwenye modeli. Usitegemee kuyaona kwenye maji ya chini ya ardhi ya kieneo, hata kama umechora tabaka la maji ya chini. Kwenye ripoti ya mwisho utayakuta kwenye jedwali la mizania ya mtiririko, mstari wa Exfiltration Loss, na huo mstari ndio wa kwanza mimi naangalia kabla ya grafu yoyote. Ukiwa sifuri wakati umejaza kasi ya kuvuja, kuna kitu hakijashika. Ukiwa nusu ya mvua yote kwenye udongo wa mfinyanzi, rudi kwenye vipimo hapo juu. Na kwenye jedwali hilohilo kuna kosa la mizania kwa asilimia, mwongozo unasema likifika 10 tia shaka, kwangu mimi likizidi 1 tayari napunguza hatua ya muda, kwenye mitaro yenye maji membamba hesabu za wimbi la dainamiki (dynamic wave, njia ya SWMM ya kuhesabu mtiririko kwa undani zaidi) huwa zinayumba kidogo.

Sehemu zenye baridi kuna kitu kizuri wameweka, marekebisho ya upitishaji wa udongo kwa kila mwezi, kwenye mambo ya hali ya hewa. Maji yanayokaribia kuganda ni mazito, mnato wake unakaribia mara mbili ya maji ya nyuzi 20, kwa hiyo yanazama kwa karibu nusu ya kasi. Unajaza namba 12 tu, na inagusa mpaka kuvuja kwa konduiti. Wachache wanaijua.

Sasa, yote haya ni bure kama namba ya udongo umeitoa jedwalini bila kukanyaga mtaro. Zile mm 10.9 ni za udongo ambao haujakanyagwa. Mtaro unachimbwa na mashine, mashine inapita juu yake kwenda na kurudi, halafu wanatandaza nyasi juu na kila mtu anaona kijani anafurahi. Chukua pete mbili za kupimia, ya ndani sm 30 ya nje sm 60, zigongee chini, jaza maji zote mbili, pima ya ndani inavyoshuka mpaka kasi itulie. Ile ya nje kazi yake ni kuzuia maji ya ndani yasikimbilie pembeni ukadhani yanazama chini. Pima zaidi ya sehemu moja, kitakoni na kwenye ukuta, maana hatua chache tu mbele namba inaweza kuwa tofauti kabisa, kitako kimejaa tope laini lililoletwa na maji na ukuta bado unapumua. Hiyo tofauti SWMM haina pa kuiweka kwenye konduiti moja, utakata mtaro vipande au utachagua namba moja uitetee.

Kwa nani basi? Kama unabuni mitaro ya nyasi na bajeti yako ya programu ni sifuri, chukua, sijaona ya bure inayoifikia. Kama unataka kubonyeza "mtaro wa nyasi" na upate jibu bila kusoma, itakupa jibu, na hapo ndipo penye shida. Za kulipia zilizojengwa juu ya injini hiihii zina sura nzuri na ramani nzuri, lakini kuzama kwa maji kwenye konduiti zinahesabu kwa code ileile, kwa hiyo usilipe ukidhani umenunua udongo bora. Wangenipa Green-Ampt kwenye konduiti kama walivyonipa kwenye nodi, na kisanduku cha udongo kwenye ile LID ya mtaro, ningeweka ya tano leo hii.